Haki ya Mtoto ni Deni, Iandikwe

Mtoto aliye kwa mamaye hahitaji jalada. Mama hukumbuka chanjo aliyochomwa, chakula kimdhurucho na jambo limtishalo usiku. Mtoto alelewaye na Serikali hana hazina hiyo: mlezi wake huhamishwa au hustaafu, na yote ayajuayo huondoka naye.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 25, unataka hali ya mtoto wa namna hii ichunguzwe mara kwa mara. Nasi Zanzibar tunayo Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011. Lakini sheria haishiki kalamu. Mwenye kuishika ni mtumishi.

Kwa hiyo, ndugu maofisa, jalada lifunguliwe siku mtoto apokelewapo: wazazi wake, shehia atokayo, maradhi yake, skuli yake, na matakwa yake mwenyewe. Lipitiwe kila muhula, limfuate ahamapo, na litunzwe chini ya ufunguo, kwani siri ya mtoto si mazungumzo ya barazani.

Tulifunzwa tangu chuoni kwamba deni huandikwa, liwe dogo au kubwa. Haki ya mtoto huyu ni deni letu sote.