Picha ni Zetu, Maelezo ni ya Kijerumani

Jamani, tupunguze kushangilia. Kila wiki mtu anatutumia kiungo cha maktaba ya Ulaya au Marekani: eti ingia, ni bure, kila kitu kipo. Nami huingia. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia 1860 hadi 1960. Utamu mtupu, sikatai.

Lakini bure kwa nani? Nilipokuwa Masuguru nilimwonyesha babu mmoja picha za ujenzi wa reli ya Tanga, ile iliyofika Korogwe mwaka 1902. Nilizitoa kwenye hifadhi nyingine, na kuzipata tu ilibidi niandike Usambarabahn. Nilipoandika "reli ya Korogwe" sikupata kitu.

"Mjukuu wangu, hawa waliobeba mataruma ni kina nani?"

Nikasoma maelezo. Jina la Mzungu lipo. La wabebaji, hakuna.

Basi wenye hifadhi wasingoje shukrani. Waweke maelezo ya Kiswahili, na waache nafasi mtu wa Handeni aandike anachokijua. Na maktaba zetu za mikoa nazo zinangoja nini? Zichapishe picha hizo, zizipeleke vijijini wazee wangali hai. Siyo kila mtu ana bando.

Yule babu alikitambua kilima kilicho nyuma ya reli, tena bila miwani. Jina la kilima nimeliandika kwenye daftari langu. Kule kwenye hifadhi hakuna pa kuliweka.