Kichaa Hatoi Risiti

Neno la Mhariri

Kila baada ya shambulio viongozi wetu husema yale yale: waliofanya haya ni wendawazimu, ni hayawani, hawana akili timamu. Tuliyasikia Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa asubuhi moja. Tukayasikia tena baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 na baada ya Garissa mwaka 2015. Ni maneno ya uchungu, na aliyefiwa ana haki ya kuyatamka. Lakini aliyepewa dhamana ya kulinda watu, akiyageuza kuwa ndiyo maelezo ya jambo lenyewe, amejitua mzigo wa kufikiri. Kichaa hachunguzwi anataka nini. Husubiriwa tu afanye tena.

Tazama Al-Shabaab, kundi la wapiganaji la Somalia. Lori linalopita barabara za kusini mwa Somalia husimamishwa kwenye kizuizi chao, mzigo hukadiriwa, ushuru hulipwa, na dereva hupewa risiti. Akifika kizuizi kingine cha kundi hilo hilo huonyesha risiti na kupita bila kutozwa mara ya pili. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wamelieleza jambo hili katika ripoti zao, na wapo wafanyabiashara wanaokiri kwamba utaratibu huo unatabirika kuliko vizuizi vya askari wa serikali. Kundi hili lina wahasibu, lina mahakama, lina idara ya ujasusi iitwayo Amniyat. Sioni jinsi watu hao hao wanavyopoteza akili ghafla wanapofika kwenye kuua, kisha wakazirudia siku ya kukusanya ushuru.

Toleo hili linauliza kama ugaidi unaweza kuitwa tendo la kutumia akili. Jibu langu ni ndiyo, na nalitoa nikijua litawakera wengine. Kusema mtu amepiga hesabu si kusema ana haki. Sheria yenyewe inatufundisha hivyo: aliyeua akiwa na wazimu huondolewa hatia, ila aliyeua kwa kupanga hubeba adhabu yote. Anayewaita magaidi vichaa anawatetea bila kukusudia.

Mwanazuoni wa Marekani Martha Crenshaw alianza kulijenga wazo hili tangu miaka ya 1980: kundi dhaifu hupima njia zilizopo, likaona nyingine zimefungwa au zinachelewa, likachagua ile yenye gharama ndogo na kelele kubwa. Mwenzake Robert Pape aliitazama Lebanon. Oktoba 1983 malori mawili yenye mabomu yaliua wanajeshi 241 wa Marekani na 58 wa Ufaransa mjini Beirut, na katika miezi michache tu majeshi ya nchi hizo mbili yakafungasha. Kwa waliotuma malori hayo, hesabu ilijibu.

Hapa kwetu Kenya hesabu ilikuwa ya namna nyingine. Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 waliteremshwa kwenye basi na kuuawa baada ya kutenganishwa na Waislamu. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili iliyofuata, Chuo Kikuu cha Garissa, wanafunzi walitenganishwa vivyo hivyo, na watu 148 wakauawa. Kutenganisha huko ndiko kulikokuwa kiini cha shambulio. Mlengwa hakuwa maiti; alikuwa jirani aliyebaki hai, aanze kumtazama mwenzake kwa jicho la shaka. Walimu kutoka sehemu nyingine za nchi wakakataa kurudi kaskazini mashariki, madarasa yakabaki bila mtu wa kufundisha, na mkoa ambao tangu uhuru umejiona ukitengwa na serikali ukazidi kutengwa.

Serikali nayo ilikuwa imeshachangia. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walizolewa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na mitaa mingine, na kundi kubwa likafungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili kuchujwa. Mpangaji wa ugaidi anaitegemea hasira hiyo. Anajua hawezi kuishinda dola, basi anaichokoza ili dola imfanyie kazi ya kusajili vijana. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti uliowahoji watu waliowahi kujiunga na makundi ya aina hii barani Afrika. Wengi wa waliotaja tukio moja lililowasukuma mwisho, asilimia 71, walitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Hesabu yao inajibu kwa sababu sisi tunawajazia tarakimu.

Kuna pingamizi zito. Mwanazuoni Max Abrahms aliyapima makundi 28 ya kigaidi na malengo yao 42 ya kisiasa, akakuta yaliyofanikiwa ni asilimia 7 tu. Uganda ni ushahidi wa karibu. Julai 2010 mabomu yaliua zaidi ya watu 70 mjini Kampala waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na Al-Shabaab walisema wazi kwamba wanaiadhibu Uganda kwa kupeleka askari Somalia. Uganda haikuwaondoa askari wake. Iliongeza. Mwenye akili hurudiaje biashara ya hasara miaka nenda miaka rudi?

Naona pingamizi hili linakagua daftari moja na kuliacha la pili. Lengo linalotangazwa redioni ni moja. Kundi kubaki hai, kupata fedha, kuwashinda mahasimu wa ndani na kutunza jina ni lengo jingine, nalo halitangazwi. Kwa daftari hilo la pili Kampala haikuwa hasara. Na huyo anayetumwa kujilipua? Akili iliyopanga haikai kichwani mwake. Mwenye hesabu yuko mbali, na asubuhi inayofuata bado anakunywa chai.

Hata hivyo mwenye hesabu hukosea. Oktoba 2017 lori lililipuka kwenye makutano ya Zoobe, Mogadishu, likaua zaidi ya watu 500. Wakazi walimiminika barabarani wakiwa na vitambaa vyekundu vichwani, wakiwalaani wauaji. Al-Shabaab, wanaopenda kujitapa kiasi kwamba walikuwa wakituma ujumbe mtandaoni Westgate ikiwa bado inawaka, hawakudai shambulio lile. Kunyamaza kule kulikuwa hesabu pia. Desemba 2015 basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak, abiria Waislamu wakakataa kutengana na Wakristo, na kina mama wakawavisha wenzao hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akikataa, akafariki mwezi uliofuata. Mpangaji alikuwa ametegemea kila abiria ajali roho yake tu.

Na kupima kunaweza kumfikisha mtu kwingine kabisa. Mwaka 1964, kizimbani, Nelson Mandela alieleza kwamba wenzake walizitafakari njia nne za kutumia nguvu, ugaidi ukiwa mojawapo, wakachagua hujuma dhidi ya mitambo na majengo ili kuepusha vifo na kuacha mlango wa kuishi pamoja baadaye. Kama ugaidi ni uamuzi, basi kuna aliyeuamua, naye angeweza kuamua vingine.

Waandishi wa toleo hili hawakubaliani juu ya hatua inayofuata, nami sikuwalazimisha. Mwenye akili ya kupima, inawezekana kuzungumza naye. Hapo ndipo hoja yangu inaponifikisha, nitake nisitake. Mukhtar Robow alikuwa naibu kiongozi wa Al-Shabaab, na Marekani iliahidi dola milioni 5 kwa habari za kumpata. Alijisalimisha kwa serikali mwaka 2017, akawekwa kizuizini mwaka uliofuata alipogombea uongozi wa jimbo, na Agosti 2022 akateuliwa waziri wa masuala ya dini wa Somalia. Tangu hapo amesimama hadharani dhidi ya wenzake wa zamani, jambo ambalo hakuna droni iliyolifanya. Waliopoteza watu wao katika miaka aliyokuwa upande ule hawakuulizwa. Nadhani uteuzi ule ulikuwa sahihi, na nadhani ilikuwa lazima waulizwe.