Koni Si Hati ya Kumiliki Barabara

Wakaazi wa Mombasa, hebu tuulizane. Ni nani aliyewauzia barabara hawa wenye maduka makubwa?

Pita mjini asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Mlinzi wa duka atoka na koni mbili za plastiki, au debe la rangi lililojazwa saruji na kuchomekwa nondo, aliweka barabarani, basi. Pashakuwa pa tajiri. Ukisimamisha gari waambiwa "hapa ni pa kastoma." Ukiuliza karatasi ya kaunti, waangaliwa kama mwenda wazimu. Wengine washavuka koni zamani: jenereta juu ya njia ya miguu, friji za soda, makochi, pikipiki mpya zimepangwa mstari mpaka ukingo wa mtaro. Na ziko yadi za magari ambazo njia yetu ya miguu ndiyo shoruum yao.

Sasa wewe simamisha kigari chako Moi Avenue ukimbie kununua dawa ya mtoto. Kama hujalipa kwa simu, ukitoka wakuta tairi lishafungwa. Kulipa hatulalamikii, ada ya maegesho iko kisheria na mji hauendeshwi kwa upepo. Lakini huyu askari aliyeona gari ya mwalimu kwa dakika kumi, mbona koni iliyokaa pale mwaka mzima haioni? Apita kando yake kila siku. Saa nyingine asimama hapo hapo kupumzika kivulini!

Na mama wa mboga je? Akiweka beseni lake pembeni ya Digo Road, pale Marikiti, lori laja. Beseni laenda na mtaji waenda nalo. Duka lililomwagika nje hatua tano kutoka hapo haliguswi.

Najua kuna watakaosema wachuuzi nao waziba njia. Ni kweli, tusidanganyane. Mtu wa kiti cha magurudumu hana haja ya kujua aliyeziba ni tajiri au masikini, yeye ataka kupita. Bibi mzee akilazimika kushuka barabarani katikati ya tuktuk na matatu, hatari ni ile ile. Lakini mchuuzi akifukuzwa aende wapi? Kazi ya masoko ni ya kaunti, imeandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba, pamoja na barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Yaani mkono unaomwaga beseni ndio uliotakiwa kumtafutia mama huyu pa kuliweka. Mwenye duka ana duka tayari. Leseni aliyolipia ni ya biashara ndani ya mlango wake, si ya mlango pamoja na mita tatu za mbele.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, yahesabu barabara katika ardhi ya umma. Kifungu cha 27 chasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Cha 54 champa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa mbele ya duka la fulani."

Labda tutaambiwa baadhi ya nafasi hizo zimekodishwa na zalipiwa. Sawa, basi tuonyesheni. Nani amepewa, mtaa gani, nafasi ngapi, alipa kiasi gani kwa mwaka, na mwisho wake lini. Kama pesa zaingia kaunti, hesabu ipo na hakuna cha kuficha. Kama haziingii, twataka kujua zaishia mfuko wa nani.

Kwa hivyo ndugu zangu, matusi ya kwenye simu hayatoshi. Piga picha ya mahali, si ya watu. Andika mtaa, tarehe na saa. Kisha andika barua ya kuomba orodha hiyo chini ya Kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kiswahili charuhusiwa, sheria yenyewe yasema, kwa hivyo usitafute wakili wa kukuandikia Kizungu. Ipeleke ofisi ya kaunti mkononi, na usitoke bila nakala yako kugongwa muhuri. Siku 21 za kujibiwa zaanza kuhesabiwa hapo.