MATATA YA NYUMBA YA JIRANI NI MATATA YA RELI YETU

Ndugu Wafanya Kazi,

Wako wenzetu hapa Nakuru wasemao kwamba habari za Ethiopia na bahari si kazi ya chama. Kazi ya chama ni mshahara, nyumba na saa za kazi. Sisi twasema hapana. Nchi inayopata nguvu, huku nyumbani kwake kunawaka moto, ni hatari kwa jirani, na wa kwanza kulipa ni mfanya kazi.

Tazameni njia yetu wenyewe. Mpaka mwaka 1902 nchi hii ya Naivasha na Nakuru ilihesabiwa kuwa Uganda, ndipo Waingereza wakaihamishia upande huu. Watu walisahau, lakini Februari 1976 Idi Amin alikumbuka, akaidai. Kwa nini mwaka ule? Alikuwa amewafukuza Wahindi mwaka 1972, maduka matupu, raia wananung'unika, naye ana silaha nyingi za Warusi. Mtawala wa namna hiyo akishindwa kuwapa watu sukari huwapa adui. Wafanya kazi wa bandari ya Mombasa walikataa kugusa mizigo ya Uganda, na Amin akalegeza maneno. Lakini Oktoba 1978 baadhi ya askari wake waliasi, na vita vikaingia Kagera. Tanzania ilijibu, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliozikwa wengi ni maskini wa pande zote mbili.

Sasa tazameni Ethiopia, nchi ya watu zaidi ya milioni 100, isiyo na pwani tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993. Vita vya Tigray vilianza Novemba 2020, vikasimamishwa kwa mapatano ya Pretoria Novemba 2022. Mwaka 2023 mapigano yakawaka Amhara. Oktoba mwaka huo huo Waziri Mkuu Abiy Ahmed alisema kupata bahari ni jambo la uhai wa taifa, na tarehe 1 Januari 2024 akatia sahihi mapatano na Somaliland. Somalia ikaghadhibika. Nchi zote mbili zapakana nasi.

Hatusemi Ethiopia ni adui, wala kutaka bandari si kosa. Uganda haina pwani, lakini mizigo yake yapita hapa Nakuru kwa mapatano, bila risasi. Ethiopia nayo ina reli ya kwenda Djibouti. Njia ya haki ni hiyo.

Wala tusijisifu. Januari 2008 ugomvi wetu wa uchaguzi uliua watu hapa Nakuru na Naivasha, reli iling'olewa Kibera, na Uganda na Rwanda zikapungukiwa mafuta. Waliokufa Kenya nzima walizidi 1,100. Siku zile jirani mbaya tulikuwa sisi.

Basi twadai mambo mawili. Kwanza, serikali yetu iseme waziwazi katika IGAD kwamba mipaka haibadilishwi kwa bunduki, hata msemaji akiwa rafiki. Pili, kila mwanachama akatae kutumwa na mwanasiasa kumpiga mwenzake wa kabila lingine, maana kiongozi aliyezoea kuwagombanisha watu wake hatashindwa kugombana na jirani.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Njoni mkutanoni tuyaseme haya.

Umoja ni Nguvu.