Kosa Si la Kimeo

Mtoto akikoroma usiku kucha katika nyumba ya Kasulu au Kibondo, wakubwa husema amelala fofofo. Hilo si kweli daima. Mtoto wa miaka minne anayekoroma kila usiku, kisha akanyamaza ghafla huku kifua kikihangaika bila hewa kuingia, na hatimaye akashtuka akitweta, huyo pumzi zake zinakatika.

Sababu kubwa ni tonsili, ambazo wengi huziita mafindofindo, pamoja na adenoidi, yaani nyama iliyo nyuma ya pua, isiyoonekana kwa kuchungulia kinywani. Utotoni nyama hizo huwa kubwa kuliko nafasi iliyopo. Misuli ya koo inapolegea usingizini, njia ya hewa huziba. Adenoidi zilielezwa na daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen mwaka 1868. Lakini maradhi haya ya usingizi kwa watoto yalielezwa na Guilleminault na wenzake, huko Marekani, mwaka 1976 tu.

Desturi ya kukata kimeo, iliyoenea sehemu nyingi za Tanzania, haigusi tonsili wala adenoidi. Mtoto huongezewa hatari ya kuvuja damu na kupata pepopunda, na koo likabaki limeziba vilevile.

Upasuaji unaofaa ni kuondoa tonsili na adenoidi hospitalini, kwa dawa ya usingizi. Nao si wa kila anayekoroma. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2013, wa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, ulionyesha kuwa baada ya miezi 7 usingizi ulikuwa wa kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri. Lakini wenye hali mbaya kabisa hawakuwemo, na hao hawafai kungojeshwa: hudumaa, na hata moyo huweza kudhurika.

Taabu ya nyanda za juu za Kigoma ni umbali. Mabingwa wa masikio, pua na koo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, na mzazi wa Kasulu hupita Kibondo na Nyakanazi kabla ya kufika huko. Tena damu huweza kutoka hata wiki moja baada ya upasuaji, mtoto akiwa amekwisha rudi kijijini. Kwa hiyo kumleta bingwa wilayani kwa zamu hakutoshi. Yafaa hospitali ya wilaya iwe na watu waliofundishwa kuizuia damu hiyo usiku wowote.

Shuleni, mtoto wa namna hii husinzia, hupumua kwa mdomo, huitwa mvivu na pengine huchapwa. Fimbo haijapata kufungua koo. Mwanafunzi wa sekondari anayelala chumba kimoja na mdogo wake anaweza kuona asichokiona mganga mchana: akeshe saa moja, ahesabu pumzi zinakatika mara ngapi, aandike, na mzazi aende na karatasi hiyo kwenye kituo cha afya.