Lodwar Bila Kakuma Ni Nusu ya Safari

Makala yenu kuhusu Lodwar imeueleza vizuri mji huo wa mto Turkwel, ambako Jomo Kenyatta alizuiliwa kuanzia 1959 hadi 1961 baada ya kifungo cha Lokitaung. Lakini imesahau chakula.

Mgeni aliyefuatana na rafiki mwenyeji aanze na samaki wa Ziwa Turkana, kisha aulizie nyirinyiri, nyama iliyokaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta.

Baadaye wapande gari hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi. Kambi hiyo ilifunguliwa 1992, ikawapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, katika soko la kambi, Wahabeshi wanauza injera na kahawa iliyokaangwa papo hapo, na Wasomali wali kwa nyama. Waturkana huwaletea wakimbizi kuni, makaa na mbuzi. Soko hilo lilistahili aya nzima.