Mbwa Atafunaye Miguu Yake: Tumtazame Kabla ya Kumkemea

Mbwa kulala kivulini, akaupinda mguu wake na kuutafuna kati ya vidole kana kwamba anatafuta kitu alichokipoteza humo, ni jambo la kila siku katika vijiji na miji yetu. Wapitao hawasimami. Mwenye mbwa, akikereshwa na sauti ya kulamba usiku kucha, humrushia kiatu. Ukiuliza sababu, aghalabu utajibiwa kwamba mbwa huyo ana mazoea mabaya, au kwamba ana njaa. Majibu haya yana upungufu mmoja: hakuna aliyeuinua mguu wenyewe akautazama.

Hatukatai kwamba mbwa mzima naye hulamba miguu yake. Akitoka matopeni hujisafisha, kama paka afanyavyo. Lakini kujisafisha huchukua muda mfupi, kisha mbwa hulala. Mbwa anayetafuna kila siku, saa baada ya saa, ana maumivu au ana mwasho, na mguu hutoa ushahidi. Ngozi kati ya vidole huwa nyekundu, nywele hunyonyoka, na ikiwa mbwa ni mweupe, manyoya ya miguu hugeuka rangi ya kutu. Rangi hiyo si damu. Mate ya mbwa yana kemikali ziitwazo porfirini, nazo huyatia manyoya rangi yakilowanishwa mara kwa mara. Baadaye unyevu wa mate huwapa bakteria na hamira za ngozi mahali pazuri pa kuzaliana, nao huongeza mwasho. Mwasho huleta kulamba, na kulamba huleta unyevu zaidi. Kwa hiyo mbwa aliyeanza kutafuna kwa sababu ndogo anaweza kuendelea hata baada ya sababu ile kwisha.

Swali la kwanza la mchunguzi liwe hili: ni mguu mmoja au yote? Mbwa akiushughulikia mguu mmoja tu, tutafute mwiba, kigae cha chupa, ukucha uliopasuka, au kupe aliyejificha kati ya vidole. Akishughulikia miguu yote, chanzo kimo mwilini mwake au katika ardhi anayoikanyaga. Huenda ni utitiri uletao ukurutu. Huenda ni mabuu ya minyoo ya safura, ambayo hutoboa ngozi ya nyayo kutoka katika udongo wenye kinyesi. Au huenda ni mzio, yaani mwili kupambana na kitu kisicho na madhara kwa wengine, kama vile chavua ya majani au vumbi la nyumba. Binadamu mwenye mzio wa vumbi hupiga chafya. Mbwa hujikuna masikio na kutafuna miguu.

Vitabu vingi vya ufugaji wa mbwa vilivyoandikwa Ulaya na Marekani huupa mzio nafasi kubwa, na kwa wasomaji wake hilo ni sawa, maana mbwa wao hulala juu ya zulia. Mwalimu wa Afrika Mashariki akiyanakili mafundisho hayo jinsi yalivyo, atampotosha mwanafunzi. Mbwa wetu wengi hulala juu ya mchanga na vumbi, na katika vumbi hilo yumo mdudu ambaye vitabu vile humtaja kwa haraka au kutomtaja kabisa. Huyo ni funza, ambaye mahali pengine huitwa tekenya.

Funza ni aina ya kiroboto. Jina lake la kisayansi ni Tunga penetrans, na urefu wake ni kama milimita 1. Asili yake ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Habari inayosimuliwa zaidi ni kwamba mwaka 1872 meli iliyoitwa Thomas Mitchell ilimleta Angola kutoka Brazili, ndani ya mchanga uliopakiwa ili kuisawazisha meli. Kutoka huko alisafiri na misafara na majeshi, na kabla karne ile haijaisha alikwishafika upande wetu wa bara.

Dume la funza hunyonya damu na kwenda zake. Jike lililopata mimba hujichimbia katika ngozi, kichwa kikitangulia, na kuacha nje ncha ya nyuma tu. Kwa tundu hilo dogo hupumua, hujisaidia na kutoa mayai. Tumbo lake huvimba katika muda wa kama juma moja au mawili hadi kufikia ukubwa wa punje ya kunde. Hutoa mayai zaidi ya 100, nayo huanguka chini. Baada ya siku chache mabuu huanguliwa, hula takataka ndogo ndogo za udongoni, hujisokotea vifukofuko, na baada ya majuma kama matatu viroboto wapya huwa tayari. Hupendelea udongo mkavu wenye kivuli, na ndiyo maana hushamiri wakati wa kiangazi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye rai ya makala haya. Mdudu huyu hachagui mguu wa mtu. Huingia katika miguu ya nguruwe, mbwa, mbuzi, paka na hata panya. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Bugiri, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwakuta wanyama wa kufugwa wakiwa na funza katika kaya zile zile ambazo watu wake walisumbuliwa na funza. Kwa mbwa, funza hukaa katika nyama laini za unyayo, kati ya vidole, na kandokando ya makucha. Hizo ni sehemu zile zile tumwonazo akizitafuna. Kwa hiyo kutafuna kwake ni habari. Mbwa anatuambia kwamba udongo wa ua wetu una funza, na udongo huo ndio wachezeao watoto.

Pamoja na hayo, jitihada nyingi za kupambana na funza huishia kwa watu. Watoto hukusanywa shuleni, huoshwa miguu, hutiwa dawa, hupewa viatu. Ni kazi njema, wala hatuidharau. Lakini mtoto aliyetibiwa asubuhi hurudi jioni katika nyumba ambamo mbwa amelala karibu na mkeka wake, na mbwa huyo ana funza kumi wanaomwaga mayai sakafuni. Baada ya majuma machache mtoto ana funza tena, na watu husema kwamba familia ile ni chafu. Twaona kuwa hukumu hiyo ni ya uonevu, na mara nyingine mtoto huacha masomo kwa sababu ya aibu hiyo. Tangu mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani limeuingiza upele pamoja na maradhi mengine ya vimelea vya ngozi katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Ikiwa ugonjwa wa funza umesahauliwa, basi funza wa mbwa amesahauliwa mara mbili.

Wako watakaosema kwamba fedha hazitoshi kuwatibu watoto, sembuse mbwa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama matibabu ya mtoto na ya mbwa yangekuwa mambo mawili yaliyotengana. Hayakutengana; udongo ni mmoja. Wengine watasema kwamba wao hawafugi mbwa, na kwa imani yao hawamgusi. Twaiheshimu imani hiyo. Lakini mbwa wa jirani hupita uani bila kubisha hodi, na mayai ya funza huanguka popote anapopita. Asiyefuga mbwa naye ana haki ya kumtaka jirani yake amtibu mbwa wake.

Kuhusu tiba, yafaa tuanze na yale yanayopaswa kuachwa. Wapo wanaompaka mbwa mafuta machafu ya gari. Wapo wanaomtumbukiza katika dawa ya josho iliyochanganywa kwa kukisia, au kumpaka dawa ya kuulia wadudu wa mimea. Wapo pia wanaompaka pilipili ili aache kulamba. Tukumbuke kwamba kila kipakwacho mguuni mwa mbwa kimepakwa ulimini mwake. Mafuta machafu ya gari yana sumu, na dawa za wadudu zikizidi kipimo huharibu neva. Pilipili juu ya ngozi iliyochunika ni mateso matupu, wala haimtoi funza. Na kumchokoa funza kwa mwiba au pini ile ile iliyotumika kwa mtu mwingine, awe ni binadamu au mbwa, huacha kidonda wazi na kufungulia njia pepopunda na maradhi mengine ya damu.

Kinachofaa si kigumu. Miguu ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe vizuri kati ya vidole, kisha itazamwe mchana penye mwanga. Doa jeupe la mviringo lenye nukta nyeusi katikati ni dalili ya funza. Majaribio yaliyofanywa Brazili na kuchapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba dawa ya matone yenye imidaklopridi na permethrini hupunguza funza wa mbwa. Dawa hiyo hudondoshwa juu ya ngozi ya mgongo, wala si lazima kumshika miguu. Bwana mifugo aulizwe kipimo, na kama nyumbani kuna paka aelezwe mapema, kwa sababu permethrini inaweza kumwua paka. Kwa binadamu, majaribio yaliyofanywa Kenya yalionyesha kwamba mafuta ya dimetikoni huua funza wengi zaidi kuliko maji ya pamanganeti ya potasiamu ambayo wanafunzi wa kemia wanayafahamu kwa rangi yake ya zambarau. Mafuta hayo si sumu ya neva. Hupenya katika matundu ya kupumulia ya mdudu na kumziba pumzi. Sakafu ya saruji huwanyima mabuu makao. Asiye na uwezo wa saruji aifagie na kuinyunyizia maji sakafu yake ya udongo mara kwa mara, na mbwa atengewe mahali pa kulala mbali na vyumba vya watoto.

Ikiwa miguu imetazamwa na hakuna funza, kupe wala mwiba, na mbwa bado anatafuna, hapo ndipo daktari wa mifugo atafute utitiri kwa hadubini au afikirie mzio. Mzio hauponi kabisa, bali hutulizwa, na mwenye mbwa aambiwe hivyo tangu mwanzo ili asihangaike kununua dawa hii na ile.

Twawaomba walimu wa biolojia waifanye habari hii kuwa somo la vitendo. Wanafunzi wanaweza kuhesabu kaya zenye mbwa na zisizo na mbwa, sakafu za udongo na za saruji, na mbwa watafunao miguu, kisha wakalinganisha hesabu za kiangazi na za masika. Lakini wasiwaguse mbwa wasio wao. Mbwa mwenye kichaa naye huweza kulitafuna kwa nguvu jeraha la pale alipoumwa, na mwenendo wake hubadilika ghafla: mpole huwa mkali, mkali huwa mpole kupita kiasi. Mwanafunzi akiumwa au akilambwa penye mchubuko, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Mbwa wa nyumbani na ashikwe na mwenyewe, mdomo wake ukiwa umefungwa kwa kitambaa laini, na mwanafunzi aandike tu kile anachokiona: mguu upi, kidole kipi, doa la namna gani, tarehe ngapi.